Mshahara wa Koti

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Jina tulikuwa nalo, tena zuri, lakini mwaka wa jubilei lilipelekwa kufanyiwa matengenezo na mkandarasi hajalirudisha mpaka leo. Tunaambiwa amebakiza silabi mbili. Kwa hiyo msomaji akiona sitaji nchi, asidhani nimeogopa. Mimi ni mtumishi mtiifu, na sijawahi kuogopa kitu chochote bila kibali.

Nafanya kazi katika Idara ya Vivuli. Kwa wageni nieleze kwamba kwetu kivuli ni mali ya umma. Jua ni la Mungu, hilo serikali haikuligusa, ila kivuli hutokana na miti, kuta na mapaa, na vyote hivyo viko juu ya ardhi ya taifa. Anayetaka kuketi kivulini sharti awe na kibali. Kuna kibali cha asubuhi na kibali cha alasiri, kwa kuwa kivuli huhama, na mtu aliyelipia upande mmoja wa ukuta hawezi kuhama nacho kana kwamba ni cha baba yake. Saa sita mchana, kivuli kinapoingia chini ya miguu ya mwenyewe, Idara hufungwa kwa ajili ya chakula.

Katika Idara hiyo mimi, Mweta, nilikuwa Mhesabu Makoti Daraja la Pili. Kazi yenyewe inataka maelezo. Zamani watumishi walikuwa na desturi ya kuvika koti mgongo wa kiti asubuhi, kisha wakatoka zao. Mwananchi akiuliza bwana fulani yuko wapi, hujibiwa kwamba ametoka kidogo, koti lake si hilo hapo. Naye husubiri. Wapo waliosubiri mpaka wakaoana na waliokuwa nyuma yao kwenye foleni. Mkurugenzi wa kwanza, mtu mwenye busara, hakutaka kupigana na desturi ya watu wake, akatoa Waraka Namba Saba wenye sentensi moja tu: koti la mtumishi ni mtumishi.

Tangu hapo watu hawakuhesabiwa tena. Kila siku saa mbili kamili asubuhi nilipita na daftari, nikatia vema kwa kila koti nililoliona, na mishahara ikalipwa kwa vema zangu. Mtumishi aliyekuja bila koti siku ya joto, hata akifanya kazi mpaka jasho likamtiririka mgongoni, nilimwandika hayupo, naye alielewa. Miaka kumi na tisa sikukosea hata siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye lilitumika dhidi yangu.

*

Bwana Hizza Shekilindi alikuwa karani wa vivuli vya asubuhi, meza ya nne, karibu na dirisha. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye jino bovu ambalo hakutaka kuling'oa, na kwa ajili ya jino hilo alitembea na karafuu mfukoni. Pembe yake yote ilinukia karafuu. Koti lake la kijivu alishonewa na mkewe, Bi Zawena, fundi cherehani wa Mtaa wa Mabanda, na lilikuwa zuri kuliko la Mkurugenzi. Kwa kosa hilo alikwisha kuonywa mara mbili. Kifungo cha tatu kilikatika, na kila siku alisema kesho atalirudisha nyumbani kikashonwe.

Alhamisi moja kichwa kilimgonga. Akatoka saa nne kwenda kumeza dawa, akaacha koti kitini kama ilivyo desturi. Jioni ile ile akafariki dunia.

Ijumaa tulimzika. Nilishika jeneza upande wa miguu, nikatupia udongo mara tatu, na nililia, maana tulikuwa tumechangia chai na mihogo kwa miaka kumi na miwili. Jumatatu saa mbili kamili nikapita na daftari langu. Koti la kijivu lilikuwa kwenye kiti. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko niliosimama kaburini. Kisha nikatia vema.

Msomaji asiye mtumishi ataniona mwendawazimu. Lakini tazama hali yangu. Kuandika hayupo wakati koti lipo ni kulidanganya daftari la serikali. Kuliondoa koti ni kumfukuza mtumishi, na kufukuza ni kazi ya Bodi, na Bodi haimfukuzi mtu bila kumsikiliza. Nilikwenda kwa Mkurugenzi, Bwana Chamwela, nikamweleza kwa mdomo. Akaniambia niandike. Nikaandika. Baada ya wiki tano nikajibiwa kwamba taarifa ya kifo imepokelewa, ila haiwezi kushughulikiwa kwa kuwa haina saini ya mhusika.

Nikarudi kwenye kuhesabu. Mwezi wa kwanza niliona aibu, wa pili nikaizoea, na kufikia wa tatu nikawa namwambia Hizza habari ya asubuhi kabla ya kutia vema. Sikusubiri anijibu, ila nilipunguza mwendo kidogo.

*

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Koti lile lilianza kufanya kazi.

Kanuni zetu zinasema fomu ikikaa mezani kwa mtumishi siku saba bila kuwekewa pingamizi, imekubaliwa, na tarishi huja kuigonga mhuri. Kanuni hiyo ilikuwapo tangu mwanzo lakini haikuwahi kutumika, maana makarani wote, pamoja na Hizza enzi za uhai wake, Mungu amsamehe, walikuwa hodari wa kuweka pingamizi siku ya sita. Koti halikuweka pingamizi. Halikumwambia mtu aje kesho, wala halikusema mkono mtupu haulambwi. Wananchi si wajinga. Foleni ya meza ya nne ikatoka mlangoni, ikashuka ngazi, ikazunguka jengo, ikabidi watu wanaosubiri kibali cha kivuli wanunue kibali cha kivuli cha kusubiria. Vikongwe waliweka fomu zao mezani kwa mikono miwili na kuliambia koti Mungu akuweke.

Maneno hayo yalinitia baridi, kwa sababu nilianza kuhisi kwamba yanasikilizwa. Vumbi halikutua kwenye yale mabega. Harufu ya karafuu haikupungua, na karafuu gani inanukia miaka sita? Asubuhi nyingine nilikuta mkono wa koti uko juu ya meza, kando ya kalamu, ilhali jana yake niliuacha umening'inia. Katika safu ya maelezo niliandika: upepo. Madirisha ya Idara yalipigwa misumari tangu wakati wa mkurugenzi wa pili, lakini daftari halina safu ya madirisha.

Mwaka wa nne koti likawa mtumishi hodari wa Idara. Siku ya Mei Mosi lilibebwa na wafanyakazi wawili mpaka jukwaani, na Waziri wa Vivuli, Upepo na Hewa Zinazohusiana akalishika mkono. Alihutubia saa nzima. Alisema taifa linahitaji watumishi wasio na maneno mengi, wasioomba ruhusa ya kuuguliwa, wasiogoma, wasiozeeka, wasiokwenda msibani.

"Natamani," alimaliza, "siku moja Idara hii nzima iwe kama Bwana Hizza."

Tulipiga makofi. Nilimtazama mwenzangu wa kulia, naye alikuwa amelishika koti lake kifuani kwa mikono miwili. Koti la Hizza lilipandishwa ngazi mbili za mshahara, likarudishwa kitini.

*

Mshahara huo ulikuwa ukienda wapi? Benki, kwenye akaunti ambayo Hizza aliifungua pamoja na mkewe. Bi Zawena, alipotoka eda, alikuja Idarani kuomba mafao ya marehemu, akajaza fomu kumi na moja, na mwezi uliofuata akakuta fedha zimeingia. Akashukuru. Akaenda msikitini kuwaombea dua watu wa serikali, jambo ambalo kwetu hutokea mara chache. Alidhani hayo ndiyo mafao. Kwa fedha hizo aliezeka nyumba upya, akaongeza chumba cha mbele cha kuwekea cherehani, na ndimo anamoshonea watu mpaka leo.

Kitu kimoja tu hakukipata, nacho ni cheti cha kifo. Kila mwaka alikwenda kukiomba, na kila mwaka aliambiwa alete barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba mumewe ameacha kazi. Alikuja kwangu kuiomba barua hiyo. Nilifungua daftari, nikamwonyesha vema. Hakunilaumu. Aliniita shemeji, akauliza hali ya watoto, akaondoka. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Mwaka wa sita hazina ya taifa ikakutwa imekauka. Ikatangazwa Operesheni Kila Kilichozidi Kirudi, na Idara yetu ikaletewa mkaguzi kutoka makao makuu, Bwana Kitururu. Huyu alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa miaka sita. Aliliuliza koti swali, akakaa akingoja jibu. Alingoja kuanzia saa tatu mpaka saa tano. Kisha akainuka, akafunua ukosi kwa ncha ya kalamu, akachungulia. Katika taarifa yake aliandika maneno matatu: ndani hamna mtu.

Wiki haikwisha, Bi Zawena akapokea hati ya madai. Marehemu mumewe alilipwa mishahara ya miezi sabini na mbili isiyo halali yake, pamoja na nyongeza ya Mei Mosi, pamoja na kodi ya kiti alichokalia bila kuwapo. Jumla milioni thelathini na nane na laki sita. Alipe ndani ya siku kumi na nne, la sivyo dalali ataiuza nyumba.

*

Alikuja nayo kwangu, ikiwa imefungwa kwa utepe wake wa kupimia nguo. Nikamsindikiza dirisha la mishahara. Karani wa hapo alimwambia kwa upole kwamba mumewe alikwisha kufa, kwa hiyo hakustahili mshahara, kwa hiyo azirudishe. Bi Zawena akasema ni sawa, amekubali, na kama serikali imekiri kwamba amekufa, basi impe mafao yake ya miaka ile aliyofanya kazi akiwa hai, wakate deni humo. Karani akamwambia mafao ni dirisha la pili.

Tukahamia dirisha la pili. Karani naye akahama, maana madirisha yote mawili yalikuwa yake, akavuta kiti, akamsalimia upya kama hajawahi kumwona. Akalitazama daftari langu. Akasema anasikitika, mafao hayatolewi kwa mtu ambaye bado yuko kazini, na huyu bwana asubuhi ya leo alikuwapo.

"Hapo pembeni umeniambia amekufa," Bi Zawena akasema.

"Hapo pembeni, ndiyo," karani akajibu.

Nilimshika mkono shemeji yangu tukatoka nje. Tulisimama juani, kwa kuwa hatukuwa na kibali. Hapo ndipo aliponiambia neno ambalo sikulala kwa ajili yake. Alisema deni si kitu kinachomtisha. Kinachomtisha ni kwamba kila siku, saa tisa na nusu, saa ya kutoka kazini, anasikia harufu ya karafuu mlangoni kwake. Inafika mpaka kizingitini, inasimama, haiingii. Mwaka wa kwanza alidhani ni majonzi. Siku hizi huacha cherehani, huenda kufungua mlango, husema karibu, na harufu hurudi ilikotoka.

"Hizza hajapumzika, shemeji," aliniambia. "Mmemzika mkamwacha kazini."

Alisema mmemzika, akanijumlisha na wenzangu. Nami nilijua kwamba nilistahili.

*

Bodi ilikutana Jumatano ukumbini; mimi, Bi Zawena na Bwana Kitururu tukaitwa. Wajumbe ni saba. Wanne walifika na watatu walituma makoti, akidi ikatimia. Koti la Hizza liliwekwa kwenye kiti cha mtuhumiwa, maana haki ya kusikilizwa ni ya kila mtumishi. Bwana Chamwela, mwenyekiti, alilisomea mashtaka ya kupokea mshahara baada ya kufa. Likaulizwa kama linakiri au linakana. Likapewa dakika tano, likaongezewa tano nyingine. Katibu akaandika kwamba mtuhumiwa amenyamaza kwa dharau.

Hata hivyo Bwana Chamwela alikuwa mtu wa utu, na alipenda watu wajue. Alimgeukia Bi Zawena, akatoa hotuba ndefu kuhusu serikali kuwa mzazi wa wote. Mwisho wake ulikuwa huu. Kifo cha Bwana Hizza kinaleta usumbufu kwa pande zote, na hata Waziri ataulizwa alishika mkono wa nani siku ile ya Mei Mosi. Kwa hiyo Bodi imeandaa karatasi. Bi Zawena atie saini tu kwamba mumewe yu hai na yuko kazini. Deni litafutika, nyumba itabaki, na mshahara utaendelea kuingia kila mwezi, na Mei Mosi ijayo huenda kukawa na nyongeza. Koti litarudi kwenye kiti chake, na wananchi wataendelea kuhudumiwa.

"Mpaka lini?" Bi Zawena akauliza.

"Mama, ajira yetu ni ya kudumu," Bwana Chamwela akasema.

Kalamu iliwekwa mbele ya Bi Zawena. Nilitaka aishike. Nasema kweli, nilitaka atie saini tuondoke sote, kwa sababu Kanuni ya Ishirini inasema mhesabu aliyemhesabu asiyekuwapo atalipa yeye, na nilikuwa nimeisoma mara nyingi wiki ile. Bi Zawena hakuishika. Aliisukuma karatasi nyuma kidogo, akasema nyumba ilijengwa kwa mikono na itajengwa tena kwa mikono, lakini hawezi kuandika kwamba Hizza yu hai. Kisha akanitazama.

"Shemeji Mweta, wewe ulimzika. Waambie."

Ukumbi wote ukanigeukia, na makoti matatu ya wajumbe, naapa, yaligeuka pia. Nikasimama. Nikafungua daftari. Nikasema kwamba kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, koti lilikuwapo. Yalikuwa maneno ya kweli, na kinywani yalikuwa machungu kama shubiri. Nikakaa.

Bi Zawena akaigeukia Bodi. Alifungua fundo la pembe ya kanga yake, akatoa kifungo cha kijivu na sindano iliyotungwa uzi tayari, akaomba ruhusa ya Bodi. Alisema kifungo hicho mumewe alikileta nyumbani Jumatano, siku moja kabla ya kufa, akaahidi kesho yake kulileta koti. Alikihifadhi kwenye kopo la nyuzi miaka sita. Kama koti linarudi kazini, lirudi na vifungo vyake vyote, kwa sababu yeye ni fundi na watu watamsema.

Wajumbe walitazamana. Hapakuwa na kanuni inayomkataza mke kushona kifungo. Akaenda, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaanza kushona. Tuliusikia uzi ukipita kwenye kitambaa. Harufu ya karafuu ikaja ikajaa ukumbi mzima, mpaka Bwana Kitururu akatoa leso. Alipomaliza aliuzungusha uzi mara tatu, akaukata kwa meno, kisha akalifunga koti vifungo vyote, taratibu, kuanzia juu, kama mtu anayemwandaa mumewe kwenda kazini. Na lile koti lililokuwa limekaa wima miaka sita likainama mbele, mabega yakalegea, likaegemea bega la Bi Zawena. Alikuwa ameligusa, bila shaka, na koti likiguswa huanguka. Naandika yale niliyoyaona tu.

Nikajikuta nimesimama tena.

"Nilimzika Ijumaa," nikasema. "Jumatatu nikamhesabu. Nilijua, na nimejua kila siku kwa miaka sita."

Katibu aliacha kuandika, na Bwana Chamwela akaniuliza kwa sauti ya huruma kama naelewa nilichokisema na Kanuni ya Ishirini inavyosema. Nikajibu kwamba naielewa. Bi Zawena alikuwa amekwisha kulikunja koti, amelishika mikononi. Mwenye mamlaka ya kuzuia koti lisitoke ni Mhesabu Makoti peke yake. Nilikwenda mlangoni, nikamfungulia.

*

Serikali yetu si katili, na mambo yakaenda haraka. Bi Zawena alipewa barua ya mstari mmoja kwamba Bwana Hizza hayupo kazini, na kwa barua hiyo akapata cheti. Cheti kinasema alifariki Jumatano ile ukumbini, kwa sababu ya kuondolewa koti. Nyumba ilifutwa kwenye orodha ya dalali. Mafao yanashughulikiwa.

Deni nilihamishiwa mimi. Nakatwa nusu ya mshahara, na deni lina riba. Bwana Kitururu alipiga hesabu, akakuta nitamaliza kulipa nikiwa na miaka tisini na saba. Sasa nina hamsini na minne, na kwetu mtu hustaafu akiwa na sitini. Nilimwonyesha Bwana Chamwela tofauti hiyo. Akanishika bega. Akasema nisiwe na wasiwasi hata kidogo, Bodi imeliona hilo na imelitafutia ufumbuzi. Nitafanya kazi mpaka siku yangu, na baada ya siku yangu koti litaendelea mahali nilipoishia, mpaka shilingi ya mwisho. Nilitia saini. Nikavuliwa uhesabu, nikaonyeshwa kiti changu kipya, meza ya nne, karibu na dirisha. Sharti lilikuwa moja, koti liwe jipya na imara, la kitambaa kizito.

Kitambaa nilikinunua kwa mkopo, nikakipeleka Mtaa wa Mabanda. Bi Zawena alikuwa chumba cha mbele, na juu ya meza yake koti la kijivu lilikuwa limefumuliwa lote, vipande kwa vipande, mikono huku, bitana kule, vifungo ndani ya kopo. Alisema alichokishona mwenyewe atakifumua mwenyewe. Nikamuuliza, kwa woga, kama saa tisa na nusu bado anasikia kitu.

Alisema siku ile ya Jumatano harufu ilikuja kama kawaida. Alifungua mlango, akasema karibu. Ikaingia. Tangu hapo haijarudi.

Nilikaa kwenye kibao chake nikalia, na yeye akaendelea kunipima mabega. Nilimweleza juu ya miaka tisini na saba. Nilimweleza kwamba sasa mke wangu hulala macho wazi akikiwaza kile kiti kipya alichokisikia tu, hajakiona. Aliandika vipimo vyangu kwenye karatasi, akaniambia nirudi Jumamosi.

Jumamosi koti lilikuwa tayari. Zito, jeusi, la kupendeza, ungelipeleka ikulu. Nilipotaka kulivaa alinizuia mkono, akanifunulia upande wa ndani. Halikupita kwenye cherehani hata mara moja. Lote lilikuwa limepigwa bandi tu, zile nyuzi ndefu za mkono ambazo fundi hushikizia kitambaa kabla ya kushona, kisha huzivuta zikatoka.

"Ukiwa hai utalichunga mwenyewe," alisema. "Usinyanyue mikono, usikimbie, usilazimishe. Ukilivua, likunje urudi nalo nyumbani, usiliache kitini usiku. Siku utakayolala, wakilitundika wao, uzito wake utalifungua. Hawatapata hata mkono mmoja wa kuhesabu."

Hakuchukua fedha ya ushonaji.

Ni mwaka wa pili sasa nalivaa. Wenzangu wanasema nimezeeka ghafla, natembea mikono imebana mbavuni na kwenye ngazi napanda moja moja. Mkurugenzi anapenda, anasema nimekuwa na adabu ya meza ya nne. Mhesabu mpya hupita saa mbili kamili, hunitazama, hulitazama koti, kisha hutia vema kwa koti. Saa tisa na nusu nalikunja nalirudisha nyumbani, na mke wangu hulipokea mlangoni kwa mikono miwili. Na kila asubuhi, kabla sijatoka, naingiza vidole upande wa ndani, chini ya kwapa, navuta uzi mmoja kidogo tu, nione kama bado unatoka.